Boti ya Jumanne na Orodha ya Kukata

Nyinyi vijana wa chama chetu mlioanza kazi kwenye maofisi ya Stockholm hamjaniacha nipumue tangu nistaafu. "Mzee Hamisi, andika! Mzee Hamisi, utakufa nayo hayo!" Haya, naandika. Lakini mjue shule mimi niliiona dirishani tu, nikipita na ndoo ya maziwa. Herufi nilifundishwa ukubwani, tena za Kiswidi, zile zenye vidoti juu kama nzi wametua. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Ukikuta neno limekaa upande, lisukume liendelee. Mshahara sitausema, na vyeo sina vya kusema, maana niliingia tarishi nikatoka tarishi, kilichopanda ni maumivu ya goti. Nitasema niliyoyaona kwa macho haya. Chumvi nitatia kidogo, ile ya kuzuia nyama isioze.

Mimi ni mtoto wa Jinja, kwenye nyumba za reli. Baba Mdigo wa Kwale aliyefuata kazi ya reli, mama Msoga, nyumbani Kiswahili. Kule nako nilikuwa tarishi, kwenye ofisi ya serikali, miaka ile ambayo mtu alikuwa anatembea karibu na ukuta kwa woga. Nikatoka Uganda na begi moja na koti jembamba, nikaja kushuka hapa mwezi wa kwanza. Baridi iliyonipokea, we acha tu. Nilipiga chafya, ikaanguka chini ikavunjika.

Nikaosha sufuria miaka kadhaa, halafu mwanzoni mwa miaka ya themanini nikapata kazi kwenye ofisi ya serikali ya mkoa, pale mjini. Jina la ofisi naliweka mfukoni. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakaa Hagsätra, mwisho wa reli, mahali pazuri kwa mtu anayesinzia, maana huwezi kupitilizwa kituo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Gunnel, mkuu wa masjala. Mwanamke mfupi, miwani kwenye mnyororo, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeongea mbele ya mtoto aliyelala. Nikamwita Mama Gunnel. Akaniambia, "Mimi si mama yako. Niite Gunnel." Nilijaribu wiki tatu, ulimi ukakataa. Mkubwa wa kazi kumwita jina tupu, kama mbuzi! Mwisho tukapatana: mbele ya watu Gunnel, tukiwa wawili Mama Gunnel, naye hasikii.

Akanipa toroli la kupelekea karatasi ghorofa zote sita, akanionyesha mashine ya kunakili, kubwa kama lori la mawe na ina homa kama lori la mawe, halafu akanionyesha muhuri. Muhuri ndio ulionishangaza. Kila barua inayoingia inapigwa tarehe na kupewa namba, ifuate iliyotangulia. Barua ya waziri namba yake, ya mlevi namba yake. Niliona kwa macho yangu barua imeandikwa kwenye karatasi ya kufungia mkate, mtu analalamika juu ya njiwa wa kituo cha basi. Ikapigwa muhuri, ikapata namba, ikalala kwenye kabati moja na mikataba ya hospitali.

"Na karatasi zilizomo humu," Gunnel akaniambia, "ni za yeyote atakayeomba kuzisoma. Akija mtu dirishani, humuulizi jina. Humuulizi anazitakia nini. Unampa."

Nikasema ndiyo. Nilimsikia vizuri, na Kiswidi changu kilitosha kuelewa. Ila sikuamini. Nilidhani ni adabu yao tu, kama kwetu mtu anavyokwambia karibu chakula huku kwenye sahani limebaki tonge moja. Mstaarabu anajibu, "Asante, nimeshiba," anapita zake. Nani anakaa kweli?

Rafiki yangu pale alikuwa Wanjiru, Mkenya wa Nyeri, mpishi wa kantini. Alikuja na mume msomi, mume akaendelea na usomi, yeye akaendelea na sufuria. Yeye ndiye aliyenifasiria nchi hii. Mchana nilikuwa nakaa kwenye kiti cha jikoni, ananipasha habari.

Sasa, mwaka wangu wa pili, kabla ya Krismasi, ikaja tufani. Msiniulize jina lake, upepo ule haukuacha jina. Ulipiga siku mbili. Ulibeba mabati ya hospitali ukayatandika kwenye uwanja wa mpira, tena yamenyooka. Bahari ikapanda ikala barabara, ikang'oa magati ya visiwani, na miti ikalala msitu mzima. Mimi mwenyewe nilitoka kituoni Hagsätra kwenda nyumbani, nikajikuta nimerudishwa kituoni bila kugeuka.

Upepo ulipotulia, Wanjiru akanikamata mlangoni na mwiko mkononi.

"Kaka Hamisi, umesikia? Wanafungua bajeti."

"Inafunguliwa kama kopo?"

"Kama kidonda. Ilikuwa ishapona, sasa paa la hospitali linataka pesa, barabara zinataka, magati yanataka. Na pesa ni ile ile."

"Basi watachapana."

"Ngoja uone."

Nikangoja nione. Mkuu wa bajeti alikuwa Lennart, mtu mrefu kama mlingoti, anaingia mlangoni kwa awamu. Aliwaita wakuu wa idara wote chumba kimoja, wiki nzima, na kazi yangu ilikuwa kahawa. Nilipeleka kahawa ya kutosha meli kuelea. Nikawa nasimama pale na birika nikingoja ngumi ya kwanza. Haikuja. Kila mkuu aliingia na karatasi yake aliyoandika mwenyewe, cha kukata kwenye idara yake. Yake mwenyewe! Wa utamaduni alikata sanamu aliyoingoja tangu ujana. Wa majengo alikata mazulia ya ghorofa ya wakubwa. Lennart anaandika kwa penseli, anafuta, anaandika. Wanakohoa kidogo, wanakunywa kahawa, mamilioni yanahama kutoka huku kwenda kule na mtu hajapandisha hata nyusi. Bajeti nikaiona ni kama blanketi la watu wanne: ukivuta kifuani kwako, miguu ya mwenzako iko nje. Na hawa walikuwa wanajifunua wenyewe. Nilirudi jikoni na birika tupu.

"Wamechapana?" Wanjiru akaniuliza.

"Dada, mmoja alisema 'hm'."

"Ee, huyo alikuwa amekasirika sana."

Ile kazi ikazaa kitabu chembamba tulichokiita orodha ya kukata. Nilikinakili mpaka vidole vikanuka dawa. Na desturi yao ni hii: kabla ya kukata, orodha inatolewa nje, watu waseme. Maoni yapokelewe mpaka Ijumaa fulani ya Februari, saa sita mchana. Saa nane baraza linakaa kuamua. Barua ikifika saa sita na dakika moja inapigwa muhuri vile vile, inapata namba vile vile, lakini haiingii barazani.

Ikaja Jumanne ya wiki ile. Gunnel alikuwa anaumwa jino, akaniambia, "Hamisi, nishikie dirisha, nakwenda kwa daktari. Akija mtu, unajua la kufanya."

"Najua," nikasema. Nilijua kama kuku anavyojua kuogelea.

Hata dakika kumi hazijapita, akaingia bibi kizee. Koti la ngozi ya kondoo, viatu vya mpira mpaka magotini, begi mgongoni, kofia ya sufu. Akaja moja kwa moja dirishani.

"Nataka kusoma orodha ya mambo yanayokatwa."

Nyuma yangu nakala zimepangwa kufika kiunoni. Nikajinyoosha, nikazikinga kwa mgongo.

"Wewe ni nani, mama?"

"Sijawahi kuulizwa hivyo hapa."

"Unatoka ofisi gani?"

"Natoka kwenye boti."

"Unaitakia nini?"

"Hilo ni langu."

Nikaona huyu mjeuri. Nikamwambia kwa upole kabisa, kama nilivyokuwa nawaambia watu wa Jinja, "Basi mama, rudi kwenu, mwone mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua, aipige muhuri, halafu uje Jumatatu."

Hakupiga kelele. Kelele ningeiweza, nina uzoefu. Alinitazama tu, kama mtu amefika kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Akatazama saa ya ukutani. "Boti yangu inaondoka saa tisa," akasema, "na siwezi kugombana na wewe nikaikosa." Akakaza kofia, akaenda zake.

Wallahi nilijiona shujaa. Nilikaa pale nikiona nimeilinda serikali ya Waswidi.

Gunnel akarudi na shavu limevimba kama andazi. Nikamhadithia, tena kwa mikono. Nilivyoendelea, rangi ikawa inamtoka, na yeye rangi hakuwa nayo nyingi.

"Alitaja jina?"

"Alikataa! Kiburi!"

"Hakutakiwa kutaja." Akakaa chini. "Hamisi. Zile karatasi ni zake. Umemfukuza mwenye duka dukani kwake."

Nikangoja anifokee. Hakufoka. Akaniuliza, "Kwenu ungempa, ingekuwaje?"

Nikamwambia habari ya Badru, mwenzangu wa toroli kule Jinja. Alimwachia jirani asome karatasi moja ya kiwanja, karatasi ya kawaida tu. Gari likamjia kabla ya chakula cha mchana. Baiskeli yake ilibaki imeegemea ukuta wa ofisi mpaka mipira ikaoza, hakuna aliyethubutu kuisogeza. Nilipomaliza nikacheka, maana habari zile huwa namalizia hivyo.

Gunnel hakucheka. Akasema, "Hapa halitakuja gari. Lakini kuna mtu ametaka kusoma na hajasoma."

Akafungua orodha. Ukurasa wa tisa ndipo palipotajwa boti: boti ndogo ya kuvunja barafu inayohudumia kisiwa kimoja wakati wa baridi, isimamishwe. Jina la kisiwa ulimi wangu unalikataa mpaka leo, mimi nakiita Kisiwa cha Jiwe. Wanakaa watu tisa, wazee watupu. Nakala za orodha zilipelekwa kwa wakubwa wao huku bara, kule kisiwani haikufika hata moja. Gunnel akajaribu simu, imekufa, tufani ilikata waya. Boti inaingia mjini Jumanne na Ijumaa tu, na Ijumaa inafika saa saba mchana.

"Saa moja baada ya mwisho," nikasema. "Mama Gunnel, na ule muhuri hauwezi kurudi nyuma kidogo, saa moja tu?"

Alinitazama kama nimemwomba aibe sadaka kanisani. Sikurudia.

Akapiga simu huku na huku mpaka akapata: Alhamisi asubuhi kuna wapimaji wawili wanakwenda na boti yao ya kazi kupima gati lililovunjika, wanarudi alasiri ile ile.

"Utakwenda wewe," akasema.

"Mimi? Baharini? Kwenye barafu?"

"Umemfukuza wewe."

Wanjiru alinifungia mkate na kunitafutia buti za mtu wa stoo. "Ukizama," akaniambia, "zama polepole, hizo ni za kuazima."

Vijana, bahari ikiganda haina mfano. Nilikuwa nimekaa nyuma ya wapimaji na nakala kifuani, ndani ya shati, na mbele yetu ni weupe mpaka mbinguni. Boti inapasua barafu kwa mlio kama wa mtu anayetafuna vioo. Machozi yalinitoka kwa upepo, yakagandia njiani. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikaanza upya. Halafu kisiwa kikatokea, na juu yake misonobari yote imelala upande mmoja, mamia, kama watu wamesujudu na imamu kasahau kuinuka. Dua nikaikatiza. Hata wapimaji, waliozaliwa na bahari ile, walivua kofia.

Gati lilibaki meno mawili. Tukashukia jiwe.

Karibu na gati nyumba yenye moshi ilikuwa moja. Nikagonga. Akafungua yeye, bila kofia safari hii, nywele nyeupe zimesukwa. Jina lake nilikuja kulijua kwenye barua: Elsa.

"Mama," nikasema, "nimekuletea karatasi zako."

"Barua ya mwenyekiti sijaipata," akanijibu pale pale mlangoni. "Mwenyekiti wa kisiwa hiki ni mimi. Na bado sijajiandikia."

Nikataka ardhi ipasuke, lakini ilikuwa jiwe. Nikamwomba radhi, nikamweleza ya Jinja, kwa ufupi, mara hii bila kicheko. Akasogea mlangoni. "Ingia. Unatetemeka mpaka mlango unatetemeka."

Akanipa kahawa na blanketi, akachukua kioo cha kukuzia, akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza.

"Mama, yako iko ukurasa wa tisa," nikamwambia, maana wapimaji walishasema watapiga honi saa nane na hawangoji.

"Zote ni zangu," akasema.

Akasoma paa la hospitali, akasoma barabara, akasoma sanamu iliyokatwa. "Maskini," akasema, "huyu ameumia." Saa inakwenda, mimi nakunywa kahawa ya tano. Nje kondoo wanalia. Nikamuuliza, boti ikiondoka itakuwaje.

"Nitahamishwa," akasema bila kuinua macho. "Mwanangu ameshanitafutia chumba Vällingby, kule mjini. Chumba kizuri, kina lifti. Niliolewa nikaletwa hapa, mume wangu nimemzika hapa, nami sitaki lifti."

Akafika ukurasa wa tisa. Akausoma. Akarudi nyuma, ukurasa wa nne. Akaenda wa tisa. Akarudi wa nne. Halafu bibi yule akacheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Njoo uone. Hapa wanatujengea gati jipya, la saruji, kwenye kisiwa hiki. Na hapa wanaondoa boti ya kufika kwenye gati hilo."

Nikasoma kwa kidole, polepole. Kweli. Gati lilitoka idara ya ghorofa ya pili, boti ilitoka idara ya ghorofa ya tano. Wakubwa wote wale, penseli zote zile, kahawa yangu yote ile, na hakuna aliyeona. Na mtu aliyekuwa anapandisha karatasi kutoka ya pili mpaka ya tano kila siku kwa toroli ni nani? Mimi.

Karatasi ya kuandikia hakuwa nayo, akachana ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita akaandika nyuma. Honi ikalia. Akaendelea kuandika, herufi kubwa, hana haraka. Honi ikalia tena, ndefu. Mimi nishavaa buti, nacheza pale mlangoni kama nimekanyaga siafu.

"Inasomeka?" akaniuliza, akanipa.

Aliandika kwamba miti imelala pale, mingi, na mikono ipo. Gati watalijenga wenyewe watu wa kisiwa, la mbao, kama wazee wao walivyojenga. Pesa za saruji zipelekwe kwenye boti. Na mwisho ameandika: "Mmetununulia hatamu mkauza farasi."

"Inasomeka, mama. Lakini hujaweka jina."

"Sasa ndiyo naweka," akasema. "Kwa kuwa napenda."

Nilikimbia mpaka kwenye jiwe. Wapimaji walikuwa washafungua kamba, niliruka, na nawaambia ukweli, chini yangu niliona maji na mwisho wa maisha.

Ijumaa nilifika ofisini kabla ya mlinzi. Gunnel akaipokea barua kwa mikono miwili, akaipiga muhuri, akaipa namba. Halafu akanisogezea karatasi nyeupe.

"Sasa andika na wewe. Jumanne ilikuwaje."

"Niandike kosa langu?"

"Atauliza kila mtu barua imefikaje bila boti. Jibu liwepo."

Niliandika asubuhi nzima, mistari sita. Nilikuwa nawaza mke wangu, kodi ya nyumba, na kwenda kuosha sufuria tena. Akachukua karatasi yangu, akaipiga muhuri, akaipa namba inayofuata. Barua ya Elsa na kosa langu zikalala kabatini bega kwa bega. Kosa lile lipo mpaka leo, mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma bila kutaja jina. Nendeni, ila mwandiko mtanisamehe.

Lennart aliisoma ile kalenda amesimama. Akashuka ghorofa ya pili kwa miguu, akapanda ya tano kwa miguu, lifti ipo. Aliporudi masikio yalikuwa mekundu. Akaniona na toroli, akasimama. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hii.

"Wewe ndiye uliyekwenda?"

"Ndiye mimi. Na ndiye niliyemfukuza."

"Nimesoma," akasema. Akafikiri. "Kulikuwa na baridi?"

"Kulikuwa na baridi."

"Hm," akasema, akaingia ofisini kwake. Nilikimbia jikoni kumuuliza Wanjiru hiyo "hm" ilikuwa ya aina gani.

"Hiyo ni ya kukubakisha," akasema, akaniongezea viazi.

Saa nane baraza likakaa. Ukumbi mkubwa, dari juu kama la msikiti wa mji, mimi nipo mlangoni na majagi ya maji. Juu kuna viti vya wananchi, yeyote anaingia. Nikainua macho, nani yule? Viatu vya mpira, kofia ya sufu, anafuma soksi. Boti ya saa saba ilimleta.

Lennart akasimama, akasoma ile kalenda yote, kila neno, mpaka hatamu na farasi. Nilisikia maji yakitulia ndani ya jagi. Halafu mtu yule mrefu, mkuu wa bajeti ya mkoa mzima, akasema mbele ya watu wote, "Hili nilipaswa kuliona. Nimekosea."

Nilishika jagi kwa mikono miwili. Wakubwa niliowajua mimi walikosea wakishakufa tu.

Mjumbe mmoja, suti ya kijivu, akainuka. "Wazee tisa watajenga gati? Watu wa umri ule?"

Wa juu haruhusiwi kusema. Elsa aliweka soksi mapajani, akainua mikono yake miwili, akaigeuza huku na huku ukumbi uione. Mikono ile, jamani! Mipana kama koleo, ungedhani ameazima kwa mtu mwingine.

"Imeonekana," mwenyekiti akasema, na suti ya kijivu ikakaa.

Akauliza, boti ibaki, saruji iondolewe? Wakaitikia kwa pamoja, nyundo ikagonga, basi. Hata yai ungeliweka jikoni lisingekuwa limeiva. Lennart akatoa penseli, akachora mstari ukurasa wa nne, akachora mwingine ukurasa wa tisa. Mkoa mzima, na hospitali zake na barabara zake, umegeuzwa kwa nyuma ya kalenda.

Nikatazama juu nione bibi analia au anapiga makofi. Hakuna. Alikuwa anatazama saa ya ukumbi. Akaviringisha sufu, akatia begini, akatoka, na baraza bado linaendelea na mambo ya mabati.

Nikaacha majagi, nikamfuata mpaka gatini, sijui hata kwa nini. Labda nilitaka kuona ni kweli. Nahodha alikuwa anapakia mkate na barua na mafuta ya taa, mtu wa makamo, uso mwekundu. Yeye naye alikuwa anangoja, maana boti ikikatwa na yeye amekatwa, na tangu asubuhi hakuna aliyemwambia kitu. Akamwona Elsa anakuja, akasimama na gunia mikononi.

Elsa akakanyaga ngazi, akapanda, akakaa mahali pake.

"Jumanne niletee hamira," akamwambia. "Na misumari, ile mirefu. Mingi."

Nahodha akaweka gunia chini. Akatoa daftari mfukoni, akavua glavu kwa meno, akaandika.